Fundi Anajibu: Mabawa yaliyokatika yamekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti iliyokwishatumika, injini yake ni ya dizeli, ya ndani. Ikienda polepole haina shida. Nikiongeza moto, baada ya dakika kama 10 mshale wa joto unapanda, na maji yanayotoka kwenye ekzosi yanapungua, yanabaki machache yenye mvuke. Fundi mmoja ameiangalia akasema pampu ya maji imekufa, ninunue nyingine nzima. Aliyeniuzia hakumbuki ilifunguliwa lini. Je, naweza kuifungua mwenyewe? Kwenye injini sijawahi kufanya zaidi ya kumwaga oili.

JIBU: Marahaba. Kama unaweza kumwaga oili, pampu hii unaiweza. Na usinunue nyingine kabla hujaona ndani ya hiyo uliyo nayo, maana dalili unazozieleza mara nyingi ni za impela, kile kigurudumu cha raba chenye mabawa, si za pampu nzima.

Inafanya kazi hivi. Tumbo la pampu si duara kamili. Upande mmoja lina kivimbe. Bawa likipita hapo linakunjwa, likivuka linanyooka, na linaponyooka ndipo linaponyonya maji. Raba ikikakamaa, au mabawa mawili matatu yakikatika, maji yanayopatikana yanatosha injini ikiwa taratibu tu. Ukiongeza moto hayatoshi.

Funga koki ya maji ya bahari, ile inayoruhusu maji kuingia, kisha anza na kichujio chake. Kifungue, toa majani na vipande vya plastiki, kagua na mpira unaotoka hapo kwenda kwenye pampu kama klipu zake zimekaza, kwa sababu ukivuta hewa hata impela mpya haitanyonya vizuri. Kama huko kuko safi, njoo kwenye pampu.

Koki ibaki imefungwa. Kisha chukua ufunguo wa kuwashia injini uufunge kwa uzi kwenye mkono wa koki. Nafanya hivyo mpaka leo: nikitaka kuwasha, lazima mkono wangu uende kwenye koki kwanza. Tandika kitambaa cheupe chini ya pampu. Skrubu za mfuniko ni ndogo, zikidondokea ngamani, chini kabisa ya boti, hutaziona tena. Tumia bisibisi inayoenea sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, kwa kuwa nyingi ni za shaba na huliwa upesi. Mfuniko ukitoka, piga picha kabla hujagusa kitu. Ivute impela kwa koleo yenye mdomo mrefu, taratibu, ikitoka wima. Usiingize bisibisi kwenye ukingo kuinyanyua. Mkwaruzo mmoja pale mfuniko unapokaa, na maji yatavuja. Kama impela imeshikwa na kipini kwenye shafti, angalia kisianguke.

Sasa ihesabu. Hapa ndipo nakuomba uwe na subira kuliko mahali pengine pote. Kama ilikuwa na mabawa 6 na yamebaki 4, hayo mawili hayakuyeyuka. Yamesukumwa mbele na maji, na mara nyingi hukwama kwenye kona ya mpira unaotoka kwenye pampu, au kwenye mdomo wa kipoza, ile silinda yenye vijibomba vyembamba ndani. Nilipokuwa kijana kazini nilimfungia mtu impela mpya, nikaona maji yanatoka vizuri, nikafunga vifaa vyangu. Vipande vya ile ya zamani sikuvitafuta. Baada ya wiki mbili injini ilimchemkia akiwa mbali na nchi kavu, na watoto ndani ya boti. Tulipofungua kipoza, vipande vitatu vyeusi vilikuwa vimelala juu ya vijibomba kama vifuniko. Tangu siku ile navipanga kwenye kitambaa, kimoja kimoja, mpaka impela nzima ionekane tena. Kisipotimia, sifungi.

Ukishavipata, pitisha ukucha ndani ya mfuniko. Kama kuna mfereji uliochimbwa na impela, pampu inapoteza nguvu; mifuniko mingi iliyo bapa pande zote mbili hugeuzwa, ikatumika upande wa pili. Angalia pia katundu kadogo chini ya pampu, kati yake na injini. Kakitoa maji, sili ya maji, ile pete inayozuia yasivuje, imechoka. Kakitoa oili, ni sili ya oili. Hapo fundi wako atakuwa na haki, pampu itolewe ikafanyiwe kazi, na usiahirishe: kwenye pampu zinazozungushwa na gia za injini, maji yanaweza kuishia ndani ya oili.

Impela mpya ipake glisirini au sabuni ya kuoshea vyombo. Grisi ya kawaida usitumie, inavimbisha raba nyingi. Iingize ukiizungusha kuelekea upande pampu inakozungukia, ili mabawa yalale nyuma. Weka gasketi mpya ya unene uleule. Ikiwa nene zaidi inaacha nafasi na pampu inashindwa kunyonya. Kaza skrubu kwa kukatisha, moja huku, nyingine ng'ambo yake. Fungua koki, washa, kisha nenda ukaitazame ekzosi. Maji yasipotokea ndani ya nusu dakika, zima. Impela inayozunguka kavu haidumu.

Badilisha kila mwaka, hata kama hujasafiri sana, kwa kuwa raba iliyokaa miezi imekunjwa haikunjuki tena vizuri. Na moja ya akiba ikae ndani ya boti siku zote, pamoja na gasketi yake.

SWALI: Yangu ni injini ya kupachika nyuma. Ule mchirizi wa maji pembeni umekatika. Nami nifungue?

JIBU: Zima injini kwanza, kisha chokoa kile kitundu kwa uzi mnene wa kuvulia samaki. Chumvi na mchanga huziba hapo mara nyingi, na pampu ikawa nzima. Usipopata kitu, pampu yenyewe imo mguuni, juu ya gia, na lazima mguu wote ushushwe. Kuna fimbo ya gia ya kuachanisha na kuirudisha sawasawa, kwa hiyo mara ya kwanza fanya na mtu aliyewahi kuifanya, wewe ukiwa umeshika spana na yeye akikuelekeza. Mpaka hapo usiiwashe tena, na hata ikishapona usiijaribu nchi kavu bila kuipa maji.