Kinyonga mdogo na ngozi iliyoganda kwenye vidole: maswali yenu wiki hii

SWALI: Hujambo ndugu mshauri. Mimi ni mama, niko hapa Minnesota lakini nyumbani ni Kisii. Kijana wangu alinisumbua mpaka nikamnunulia kinyonga, hawa wa Yemen wenye kofia kichwani, sa hii wanasema ana kama miezi mitatu hivi. Mara ya kwanza alibadilisha ngozi vizuri tu, vipande vyeupe vikaanguka vikaisha, lakini tangu baridi ianze mambo yameharibika. Ni karibu wiki sasa na ngozi ya zamani imeganda kwa vidole vya mguu wa nyuma, kwa ncha ya mkia na kidogo juu ya jicho moja. Kijana anataka tumbandue na kibano cha nyusi, rafiki yangu wa kanisani anasema tumpake mafuta ya nazi, mwingine anasema tumuogeshe kwa beseni. Keji yake ni ya wavu, iko sebuleni karibu na tundu la hita ndio apate joto, tunampulizia maji asubuhi kabla ya shule, na bakuli la maji liko lakini sijawahi muona akikunywa. Anakula ila si kama zamani. Tafadhali nisaidie, mtoto analia kila jioni. — Mama B., Minnesota

JIBU: Mama B. dada yangu, pole sana, na mpe kijana pole zangu, mtoto anayelilia kiumbe kidogo hivyo ana moyo mzuri na inafaa tumsaidie. Kwanza kibano mkiweke mbali leo hii hii. Ile ngozi ya juu ikiwa bado imeshika manake ya chini haijawa tayari kuachana nayo, ukivuta unachuna ngozi mpya, na kidole cha kinyonga wa miezi mitatu ni kitu chembamba mno, unaweza ukaking'oa ukadhani umetoa gamba. Mafuta ya nazi pia hapana, yanaziba, yananasa vumbi, na juu ya jicho ndo kabisa usithubutu. Beseni nalo achana nalo, kinyonga ni mnyama wa mitini, ukimtumbukiza majini anaogopa sana na anaweza kuvuta maji puani.

Sasa nikwambie tatizo lenyewe liko wapi, kwa sababu naona wote mnaangalia vidole wakati ugonjwa uko kwenye hewa ya nyumba. Kinyonga havui ngozi nzima kwa mkupuo mmoja kama nyoka, inatoka vipande vipande, na huyu mdogo anakua haraka kwa hiyo atabadilisha kila baada ya wiki chache, tofauti na mkubwa anayekaa miezi. Akiwa na maji ya kutosha mwilini na hewa ina unyevu, ngozi ya zamani inalegea inapasuka, anajisugua kwenye vijiti, siku moja au mbili kazi imeisha. Akiwa na kiu ngozi inakauka mahali ilipo na inabana, na inapobana zaidi ni pale penye mzunguko, vidoleni na mkiani. Hapo ndo hatari yenyewe, maana ile pete ya ngozi kavu inakuwa kama uzi uliofungwa kwenye kidole cha mtoto, yeye anazidi kukua na uzi haulegei, damu haifiki mbele, kidole kinavimba, kinakuwa cheusi, mwishowe kinakatika. Kwa hiyo una haki ya kuwa na wasiwasi, ila bado una muda.

Huyu kinyonga asili yake ni milima ya Yemen na kusini magharibi mwa Saudi Arabia, watu wanasikia Yemen wanafikiri ni jangwa tupu, wanamweka pakavu. Kule milimani mchana jua linawaka kweli, lakini usiku baridi inashuka, ukungu unapanda kutoka baharini, alfajiri majani yote yana umande na yeye anakunywa pale, anaramba matone kwenye majani. Ndo maana bakuli lako halioni, vinyonga wengi maji yaliyotulia hawayatambui kabisa kama ni maji, wanataka tone linalometa na kutembea. Sasa chukua mnyama wa namna hiyo umweke kwenye wavu, pembeni ya tundu la hita, ndani ya nyumba ya Minnesota mwezi wa baridi ambapo hewa imekauka mpaka midomo ya watu inapasuka, na maji anapata mara moja asubuhi na wavu unakauka dakika kumi baadae. Ngozi itaganda tu.

Leo fanyeni hivi. Tafuta mmea wa chungu, fikasi au wowote wenye majani ambao haujapigwa dawa, uweke ndani ya bafu, kinyonga apande juu yake mwenyewe. Fungua shawa ya maji ya uvuguvugu lakini uielekeze ukutani, sio kwake, unachotaka ni ile mvuke na matone madogo yanayorudi yakimgusa. Tundu la kutolea maji chini liwe wazi, mlango wa bafu ufungwe ili joto lisitoke, na mtu akae hapo muda wote, dakika ishirini mpaka nusu saa. Utamuona kwanza anakasirika anakuwa mweusi, baadae anatulia anaanza kulamba majani, ukiona anakunywa muache anywe mpaka aache mwenyewe. Fanyeni mchana, sio usiku, ili akirudi kwenye keji apate taa akauke vizuri. Akitoka pale chukua kijiti cha pamba kilicholowa maji ya vuguvugu, ukizungushe taratibu kwenye kidole kuelekea ncha, kinachotoka kimetoka, kinachogoma kiache mpaka kesho kutwa. Kijana anaweza kushika kijiti, wewe ushike tawi.

Jicho msiliguse. Jicho la kinyonga lina kifuniko cha ngozi chenye tundu dogo katikati, na ana ufundi wake wa kulisafisha, likilowa analitunisha linatoka nje kama linataka kupasuka, analizungusha, anasugua kwenye tawi. Inatisha ukiiona mara ya kwanza lakini ndo anavyojiosha, mpe tu maji ya kutosha kufanya hiyo kazi.

Baada ya hapo ni nyumba. Keji itoke kwenye tundu la hita, hilo ni la leo pia. Pande tatu za wavu zifunge na plastiki, hata pazia la bafu ukilikata linafaa, mbele na juu pabaki wazi hewa ipite. Jaza mimea hai ndani, fikasi, hibiskasi, ule mmea wa pothos unaotambaa, majani yanashika maji na huyu wa Yemen anapenda kuyatafuna pia. Nunua kipimo cha unyevu cha kidijitali, si ghali, maana bila kipimo unakisia. Mchana asilimia 30 mpaka 50 inamtosha, usiku taa zikizima ipande 80 na zaidi, hapo mashine ndogo ya ukungu inasaidia kwa sababu hewa ya usiku ni ya baridi kidogo. Mpulizie muda mrefu kabla taa hazijawaka asubuhi na tena jioni zikishazima, dakika mbili tatu za kweli, sio kupitapita. Na mchana mtundikie kidude cha kudondosha tone moja moja kwenye jani, hata kikombe cha plastiki ulichokitoboa na sindano kinafanya kazi, chini uweke chombo cha kukinga.

Ila nakuomba usije ukaogopa ukavu ukageuza keji kuwa bwawa. Lazima pakauke katikati ya mchana. Unyevu mwingi unaoambatana na joto masaa yote unaleta maradhi ya mapafu na vidonda vya fangasi, na hivyo ni vibaya kuliko ngozi iliyoganda.

Joto nalo, wengi wanawachoma vinyonga wadogo. Sehemu ya kuota kwa umri huu iwe nyuzi 80 hadi 85 kwa Fahrenheit za huko kwenu, yani 27 hadi 29 za Selsiasi, pengine pote papoe zaidi, na usiku taa zote zizimwe hata ile ya rangi nyekundu. Sebule ikishuka mpaka 65 usiku hana shida. Halafu hukunitajia taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, na hilo limenishtua kidogo. Dirishani haitoshi, kioo kinazuia ile miale, ni lazima awe na taa yake ya mrija mrefu, masaa 12 kwa siku, na mrija ubadilishwe kila mwaka hivi hata kama bado unawaka, kwa sababu mwanga unabaki na UVB inaisha. Bila hiyo hawezi kutumia kalsiamu, mifupa inalainika, miguu inapinda.

Kwenye chakula nitaongea kidogo tu. Nyenje wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Hao nyenje nao wale vizuri siku nzima kabla, sukuma wiki, karoti, viazi vitamu, maana nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 kidogo kila mlo, na multivitamini mara mbili kwa mwezi. Upungufu wa vitamini A ni sababu nyingine kubwa ya ngozi kugoma kutoka na macho kuvimba, lakini usimpe matone ya vitamini A kwa kukisia, ikizidi inakuwa sumu, hiyo ni kazi ya daktari.

Kuhusu kula kidogo, akiwa anabadilisha ngozi ni kawaida, wengi wanakuwa wakali na hawana hamu. Angalia choo chake. Ile sehemu ngumu inayotoka na mavi ikiwa nyeupe maji yanatosha, ikiwa ya njano sana au rangi ya chungwa bado ana kiu. Na ukiona kidole kimevimba au kimekuwa cheusi, jicho limefungwa mchana, macho yamezama ndani, anahema mdomo wazi hata akiwa mbali na taa, au ile pete ya ngozi iko pale pale baada ya siku tatu nne za shawa, usiendelee na mambo ya bafuni, mpeleke kwa daktari anayetibu reptilia. Piga simu uulize kabla ya kwenda, wengi wanajua mbwa na paka tu. Mbebe ndani ya koti au boksi lenye kitambaa, baridi ya nje huko inamuua dakika chache.

Mkimaliza kumshika kila mara mnawe mikono na sabuni, wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima.

SWALI: Shikamoo. Mimi nipo Moshi, watoto wameokota kinyonga mdogo kwenye ua la nyumba, kijani, anabambuka ngozi mwili mzima kama ana ukurutu. Jirani anasema ana sumu tumuue, watoto wanataka kumfuga ndani mpaka apone. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Hana ukurutu wala hana sumu, anakua tu, na huko nje kwenye majani yenye umande hiyo ngozi itatoka bila msaada wa mtu. Hawa wa kijani wa kwenye uzio wakiguswa wanajitunisha, wanatoa sauti ya kufoka na kufungua mdomo kuonyesha rangi ya chungwa ndani, watu wanakimbia, kumbe ni vitisho vya mnyama asiye na mbio. Akikung'ata utasikia kubanwa, basi. Tafadhali mwambie jirani kwa upole asimuue, huyo anakula nzi na panzi bure kwenye bustani yenu.

Kumfuga hapana. Aliyezaliwa nje akifungiwa hali, anakonda, anakufa kimya kimya, halafu kisheria mnyamapori hafugwi bila kibali, Tanzania na Kenya pia. Watoto wamrudishe kwenye ua lile lile walilomtoa, juu ya tawi sio chini, na wamtembelee kila siku wamuangalie akila, hiyo raha ni kubwa kuliko boksi. Siku moja mkimuona mkubwa mnene anashuka anatembea chini na kuchimba, pengine ni jike anatafuta pa kutaga, zuieni kuku na mbwa mpaka amalize kufukia.

SWALI: Mimi niko Maskati, ninaye wa Yemen pia, mwaka wa pili huyu. Huku hakuna hita ila AC inawaka mchana na usiku na ngozi yake ya kofiani haitoki. Ni tatizo lile lile?

JIBU: Ni lile lile ndugu yangu, AC inakausha hewa sawasawa na hita, na tena ule upepo wa baridi ukimpiga moja kwa moja anapata mafua ya kifuani. Mhamishe asiwe kwenye njia ya upepo, fuata yale ya kupulizia na ukungu wa usiku niliyomwambia Mama B. Kofiani usiwe na haraka, pale damu haizuiliki kama kidoleni, mara nyingi inatoka yenyewe. Ila pima taa yake iko mbali kiasi gani na kichwa akiwa tawi la juu kabisa, maana kofia ndo inayotangulia kuungua, na ngozi iliyoungua inaonekana kama iliyoganda. Ikiwa pana kahawia au kidonda chini yake, pandisha taa leo na umpeleke kwa daktari.