Matandazo yamevamiwa na mchwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefunika matuta yangu ya mchicha na nyanya kwa mabua ya mtama ili kuhifadhi unyevu, lakini sasa mchwa wameyavamia. Je, niyaondoe? – Msomaji, Chamwino, Dodoma

JIBU: Usiyaondoe yote. Mkoani Dodoma, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, udongo ulio wazi hukaushwa upesi na jua na upepo, na matandazo hupunguza upotevu huo huku yakizuia magugu. Mchwa wengi hupendelea mabua makavu kuliko mimea mibichi, ingawa huweza kuhamia kwenye mashina yaliyodhoofika kwa kiu, hasa matandazo yanapoyagusa. Kwa hiyo, acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka kila shina, katakata mabua, yachanganye na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha yatandaze kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Samadi hiyo (ambayo kwenu, nadhani, haikosekani) ina kazi nyingine: vijidudu vinavyoozesha mabua huchukua naitrojeni ya udongo, na bila nyongeza majani ya mchicha huweza kugeuka manjano. Unapomwagilia, sogeza matandazo kidogo ili maji yafike kwenye udongo wenyewe.