Re: Rhine au Danube kwa wazazi?

Dada, umeuliza uwapeleke wazee safari ya meli ya mto Rhine au Danube, kule Ulaya, kwa miaka 40 ya ndoa yao. Kama mzee anapenda ngome, Rhine, wala usiumize kichwa. Kati ya miji ya Rüdesheim na Koblenz, Ujerumani, zimepangana juu ya vilima mpaka shingo inachoka kugeuka. Meli ikikaribia Kaub wawe wameshapanda sitaha ya juu: katikati ya maji kuna kingome cheupe, Pfalzgrafenstein, kilichojengwa miaka ya 1320 ili kutoza vyombo ushuru. Danube ni ya miji zaidi: Vienna, Bratislava, na Budapest usiku bunge likiwaka taa.

Chumba cha chini kabisa usichukue. Mimi nilibana hela, nikapata kidirisha kisichofunguka, usawa wa maji. Wiki nzima naangalia bata. Agosti pia epuka. Mwaka 2022 maji ya Rhine yalipungua vibaya mwezi huo, meli zikapata shida kupita. Mei ni salama zaidi.

Viza ni Schengen moja tu, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Waombe ubalozi wa nchi watakayokaa siku nyingi zaidi.