Kwa mnaoanza kufungua vifaa vya bei chee: anza na tochi, chaja iache kwanza

Wadogo zangu mlioingia fani ya umeme pale VETA Chang'ombe au DIT, na nyie mnaojifunzia wenyewe geto, naona wengi mnauliza mnunue kifaa gani cha mafunzo cha kuanzia. Hela hiyo tunza. Zunguka Kariakoo utafute vitu vya bei ya chini kabisa, alafu pita kwa mafundi wa mtaani kwako uombe vibovu, karibu kila fundi ana boksi chini ya meza limejaa vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, ukimsalimia vizuri anakupa bure.

Kwanini vya bei chee? Simu kali ukiifungua unakutana na bodi ya tabaka kibao na vitu vidogo kama punje za chumvi, utaangalia saa nzima uifunge umetoka mtupu. Ila tochi ya kuchaji ya kule Kariakoo aliyeitengeneza alikua anapambana na bei, ametoa kila kinachotoleka, kwaiyo kilichobaki humo ndani ni kile ambacho bila chenyewe haiwaki. Na ukiangalia vizuri utaona pia vile ambavyo hakutakiwa kutoa akatoa, hapo ndo utajua kwanini watu wanapigwa shoti na vitu vidogo hivi.

Twende kwenye tochi sasa, ile yenye pini mbili zinachomoza nyuma unachomeka moja kwa moja ukutani. Iwe haipo kwenye umeme, na haitarudi kwenye umeme ikiwa wazi, hili halina mjadala. Ondoa skrubu, utaona betri ya asidi ya volti 4, taa za LED mbele, na kibodi cha kahawia chenye njia za shaba upande mmoja tu. Usianze kutaja majina ya vitu kama mwanafunzi anayekariri, fuata njia. Umeme unaingia kwenye pini, unaenda wapi? Utafika kwenye kidude kama kitofali kidogo, mara nyingi chekundu au cha kahawia, kimeandikwa mfano 105J 400V. Hiyo ni kapasita, kidude kinachotunza chaji. 105 maana yake 10 alafu sifuri tano, kwa pikofaradi, yaani mikrofaradi 1. Sasa kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, kapasita ya mikrofaradi 1 inaruhusu kama miliampea 70 hivi kupita basi, na hiyo ndo chaja yenyewe! Hamna transfoma humo. Baada ya hapo kuna dayodi nne ndogo nyeusi zenye mstari mweupe, 1N4007 mara nyingi, zinageuza umeme uwe wa njia moja, unaenda kwenye betri, mchezo umeisha.

Hapo tulia kidogo maana ndo penye utamu. Transfoma ingekuwepo ingetenganisha umeme wa ukutani na wa ndani, hapa haipo, maana yake tochi ikiwa imechomekwa kila kitu humo ndani kina umeme wa TANESCO, hata ule upande unaodhani ni wa volti 4. Jambo la pili, sambamba na ile kapasita inatakiwa kuwepo rizista, yaani kidude kinachobana umeme upite kidogo kidogo, ya kuimaliza chaji ukishachomoa. Kwenye zingine wameibana hata hiyo, ndo zile ukichomoa ukagusa pini inakurusha. La tatu ni kwanini hizi tochi betri na taa vinakufa pamoja: betri ndo inayoshikilia volti zisipande, ikishachoka mtu anachomeka anaona haiwaki vizuri anawasha swichi huku ipo ukutani, volti zinapanda, LED zinaungua zote. Betri yenyewe inachoka kwasababu inaachwa imeisha chaji wiki nzima kabatini mpaka umeme ukatike ndo inakumbukwa, na betri ya asidi haitaki hivo.

Kitu kimoja tu hicho kimekupa kapasita, dayodi, betri na usalama, na umetumia hela ya chipsi mayai.

Vifaa vya kazi usijiumize. Bisibisi ndogo, maltimita ya bei poa ila chagua yenye mlio wa kupima njia kama imeungana, na simu yako. Simu ni ya muhimu kuliko unavyodhani: piga picha kabla hujatoa waya hata mmoja, alafu piga bodi pande zote mbili, picha ya upande wa chini igeuze kushoto kulia uilinganishe na ya juu. Hizi bodi za upande mmoja ukimulika taa kwa nyuma njia zinaonekana kabisa. Chora kwenye daftari kwa mkono. Mchoro wako wa kwanza utakua mbaya umejaa mistari inayokatana, uchore tena mpaka umeme uingie kushoto utokee kulia, ukiweza kufanya hivo ujue umeelewa.

Pia utakutana na tone jeusi gumu limebandikwa katikati ya bodi, hasa kwenye redio ndogo na midoli. Chini yake kuna chipu haina namba, usipoteze siku kulikwangua. Tafuta njia ipi inaleta chanya na hasi, ipi inaenda kwenye spika, yenyewe iache.

Balbu za LED zilizokufa ni za pili, zipo kila nyumba. Chomoa kwenye holda, bandua kile kifuniko cheupe, angalia zile taa ndogo za njano utakuta moja ina kidoa cheusi katikati. Zimeungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zinazima. Kuna mafundi wanaiunganisha juu kwa juu kwa risasi ya kuchomelea, balbu inawaka tena, kweli inawaka, ila zilizobaki mara nyingi zinabeba mzigo zaidi na joto lile lile lililoua ya kwanza bado lipo. Na sehemu kubwa ya hizi balbu hazijatenganishwa na umeme wa ukutani pia, kwaiyo usiiwashe ikiwa wazi eti unajaribu.

Pawabenki fungua kwa akili. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ukikuta ndani kuna seli moja ya 18650, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, umepigwa, maana seli nzuri kabisa ya saizi hiyo ni kama 3,500. Usiitoboe seli, usiikunje, iliyovimba usiiguse kabisa.

Chaja ya simu ndo ya mwisho, baada ya hizo zote. Umeme ukishapita kwenye dayodi unapanda mpaka kama volti 325 kwenye kapasita ya mviringo iliyoandikwa 400V, na unaweza kubaki humo hata ukishachomoa. Usiigusishe miguu kwa bisibisi inarusha cheche, tumia rizista ya kilo-om 10 ya wati kadhaa uliyoifunga waya zenye maganda mazuri, alafu pima na mita uhakikishe. Baada ya hapo weka chaja orijino iliyokufa na ya feki pembeni kwa pembeni, tazama nafasi iliyoachwa kwenye bodi kati ya upande wa 230 na upande wa 5. Kwenye orijino kuna uwazi mpana, wakati mwingine bodi imekatwa kabisa mwanya. Kwenye feki utakuta njia mbili zimepita karibu karibu na juu yake mabaki ya risasi, na kwa unyevu wa hapa Dar wenye chumvi ya bahari shaba inaota ukungu wa kijani, mwanya wenyewe unazidi kupungua. Simu inayochajiwa na hiyo inalala kitandani na mtu.

Maikrowevu na tivii za kichogo msifungue bila fundi pembeni, huko volti zinaanza maelfu.