Jibu: Kodi ya kanisa imetushinda, tufunge?

Bwana asifiwe, mtumishi. Nimekuelewa: kanisa lenu la Igombe lina deni la kodi, mwenye jengo anataka funguo, na sadaka jumapili nyingine haitoshi hata umeme. Mimi ni mweka hazina wa kanisa dogo huku Kayenze, kando ya Ziwa Victoria kama kwenu, na waumini wengi ni wavuvi.

Kabla ya lolote, fungua daftari la sadaka uliweke sambamba na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala na mifuko inakauka. Imani haijapungua hapo! Sisi tulimwomba mwenye nyumba apokee kodi baada ya siku za giza, wavuvi wakishauza, badala ya tarehe mosi, akakubali, maana naye anayajua maisha ya ziwani. Mkataba wenu sijausoma, ila nendeni wazee wawili, msimtume mchungaji peke yake.

Pili, asiye na pesa alete alicho nacho: mayai, muhogo, dagaa. Mnapiga mnada baada ya ibada. Dagaa waliokauka vizuri msiwamalize hapo kwa bei ya huruma, wapelekeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza mjini.

Sadaka ihesabiwe na watu wawili, na kiasi kitangazwe hata kama ni aibu. Kwetu watu walianza kutoa zaidi walipojua.

Kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, msiguse, hata kwa wiki moja. Na kama jengo likichukuliwa, ibada ihamie uani kwa muumini mmoja. Wengi tulianzia huko.