Sarafu ya joka ya marehemu babu: simu inasema 1949, ukweli ni mwaka gani?

Kijana mmoja wa Tanga kaniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Babu yetu marehemu alikuwa baharia, kwenye sanduku lake tumekuta sarafu kubwa nyeupe ina joka upande mmoja, imeandikwa ONE YEN na namba 416 na 900. Rafiki yangu kaipiga picha simu ikatafsiri kwamba ni mwaka wa 82 wa Meiji, tukapiga hesabu tukapata 1949. Upande wa pili, kushoto, kuna kialama kimegongwa ndani ya kiduara, naogopa mtu kaiharibu. Ni silva kweli? Na niisafishe na nini?" Kanitumia picha nne, na kapima mwenyewe kwa sonara: gramu 26.9, upana milimita 38.

Marahaba mwanangu. Usiisafishe na kitu chochote, hilo kwanza, nitakwambia kwa nini huko mbele. Na sarafu yako sio ya 1949, kwa picha hizi naisoma 1895.

Hiyo simu haijakosea herufi, imekosea upande wa kuanzia. Maandishi ya Kijapani kwenye sarafu za zamani yanasomwa kulia kwenda kushoto, kama unavyosoma Kiarabu, sasa simu imeanzia kushoto ikakutana na 年八十二治明 ikachukua zile tatu za kati, nane kumi mbili, ikasema 82. Anzia kulia uone: 明治 ni Meiji, jina la enzi ya mfalme wa Japani, halafu 二十八, halafu 年 ambayo maana yake ni mwaka. Hiyo 年 ndio nanga yako, ukishaipata tu namba za mwaka zipo hapo upande wake wa kulia. Ile 十 iliyo kama alama ya kujumlisha ni kumi, tarakimu inayotangulia kumi inazidishwa nayo na inayofuata inaongezwa, kwa hiyo mbili-kumi-nane ni ishirini na nane. Enzi ya Meiji ilianza 1868, ndio maana unajumlisha 1867: 28 na 1867 unapata 1895. Hata bila kujua upande wa kusoma ungeshtuka, maana Meiji iliishia mwaka wa 45, yaani 1912, mwaka wa 82 haujawahi kuwepo.

Ukikuta 大正 badala ya 明治 hiyo ni Taisho, jumlisha 1911. 昭和 ni Showa, jumlisha 1925. Na ukiona 元 pale panapotakiwa namba, huo ni mwaka wa kwanza wa enzi. Sarafu nyingi za baada ya vita kuu ya pili zenyewe zinasomwa kushoto kwenda kulia, hapo simu yako itakuwa sawa.

Sasa kile kialama. Kijana wangu usiwe na wasiwasi, hakuna mhuni aliyegonga hapo, ile ni serikali ya Japani yenyewe! Nimekuza picha yako ya tatu mpaka mwisho, ndani ya kile kiduara kuna herufi 銀, inatamkwa gin, maana yake silva. Mwaka 1897 Japani ilihamia kwenye pesa inayopimwa kwa dhahabu, yen za silva zikaanza kuondolewa kwenye mzunguko nchini mwao, na zile zilizopelekwa kutumika nje, hasa Taiwan, zikagongwa muhuri huu. Muhuri ukiwa kushoto kwa upande wa shada la majani, umegongwa kiwanda cha Osaka, ukiwa kulia ni Tokyo. Wako uko kushoto kwa hiyo ni Osaka. Na unakubaliana na mwaka wa sarafu, maana sarafu ya 1895 ndio kwanza ilikuwa na miaka miwili ilipogongwa. Kama ungeniletea muhuri huo juu ya sarafu ya mwaka wa 38 wa Meiji, yaani 1905, ningekwambia hapo hapo kuna mkono wa mtu. Usiichanganye na alama za wafanyabiashara wa Kichina, zile ni vigongo vya kila namna, vimetawanyika ovyo, walikuwa wanagonga kuonyesha kwamba wameshaikagua.

Hizi yen zilitembea sana Singapore na bandari zote za huko, zilitengenezwa kushindana na dola ya Meksiko ambayo ndio ilikuwa pesa ya biashara Asia, kwa hiyo baharia kurudi nayo nyumbani ni jambo la kawaida kabisa.

Kuhusu usilva wake, zile namba ndio majibu: 416 ni uzito kwa greni, sawa na gramu 26.96, na 900 ni usafi, sehemu 900 kati ya 1000. Ya kwako 26.9 baada ya kuzunguka mikononi ni vizuri sana. Upana nao unaongea, za mwanzo zilikuwa milimita 38.6, kuanzia mwaka wa 20 wa Meiji zikapunguzwa kuwa 38.1, kwa hiyo ya mwaka wa 28 kuwa 38 ni sawa. Lakini uzito peke yake usiuamini, feki za joka zimejaa kila kona ya dunia. Fanya hivi: weka glasi ya maji juu ya mizani ya sonara, irudishe sifuri, ifunge sarafu na uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Mizani itasoma kama 2.6. Gawanya 26.9 kwa namba hiyo, ukipata 10.3 hivi hiyo ni silva ya 900. Mizani ikisoma 3.0 au zaidi, ni shaba na nikeli imepakwa rangi.

Kusafisha. Kuna mama aliniletea yen ya namna hii hii kaisugua na dawa ya meno mpaka inang'aa kama kijiko, magamba ya joka yamelainika, mikwaruzo imejaa uwanja mzima, roho iliniuma kweli. Ule weusi wa miaka mia na zaidi ndio wanunuzi wanautafuta. Ishike pembeni kwa vidole viwili, iweke kwenye karatasi kavu, usiitie kwenye mfuko wa plastiki laini. Na usimuuzie sonara kwa uzito, yeye atakulipa gramu 24 na kitu za silva tupu na joka ataliyeyusha.

Ukikuta nyingine kwenye sanduku: joka bila herufi za Kiingereza ni yen ya kwanza, ya 1870. Iliyoandikwa TRADE DOLLAR na 420 ni ya 1875 mpaka 1877 tu, hiyo nitafute haraka. Kipande cha mstatili, gramu 8 na kitu, ni bu moja, pesa ya Kijapani ya mfumo wa kabla ya yen, hakina mwaka kabisa kwa hiyo usijumlishe chochote, enzi yake inatambulika kwa maumbo ya herufi.

Sasa nitumie picha ya ukingo, sarafu ikiwa imesimama, na ile namba ya kwenye maji. Vikikubaliana nitakuandikia karatasi yake.