Watano wa mbele wakilegea

Mwanangu alipofikisha miaka 12 alirudi kutoka mazoezini akaniambia kocha amempanga mbele. Nikafurahi. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia mpira wa miguu, kwangu mtu wa mbele ni mfungaji. Kumbe kwenye mpira wa Kimarekani watu wa mbele ni wale watano wazito ambao mpira hawaushiki mchezo mzima, isipokuwa mmoja, senta, na yeye akiushika ni ili aupitishe katikati ya miguu yake umfikie kwotabeki, yule anayerusha pasi, aliye nyuma. Hata pasi kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea. Kazi yao ni kuzuia watu, basi.

Tunakaa karibu na Fort Worth, Texas. Msimu ule timu ya mtaa wetu ilikuwa inapigwa kila Jumamosi, na kwotabeki wetu, mtoto mwembamba mwenye mkono mzuri, alikuwa anashinda chali. Aliyekuwa akiwafundisha wale watano akahama mji, akatafutwa mzazi wa kujitolea kushika nafasi yake. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, jioni nipo. Nikanyoosha mkono. Huu ni msimu wangu wa nne, na naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu huku, maana watoto wetu wenye miili hupangwa hapo hapo, na siku moja nawe utaombwa usaidie.

Kwanza, usikimbilie kutafuta watoto wakubwa zaidi. Kila mzazi aliyesimama kando ya uwanja alikuwa na dawa moja: waongezwe kilo. Mke wangu naye akaanza kumwongezea mwanetu ugali. Nikaomba video ambayo mama mmoja alikuwa ameipiga kwa simu, nikaitazama kazini wakati wa mapumziko, nikirudisha nyuma kila mahali kwotabeki alipoangushwa. Aliangushwa mara saba. Mara tano kati ya hizo, aliyemwangusha hakuwa ameguswa na mtu. Watoto wetu wawili walikuwa wamemng'ang'ania mpinzani mmoja, na mwenzake akapita pale pembeni yao kama anakwenda sokoni. Hapo ukimwongeza mtoto ugali unamwonea tu. Nguvu anayo, ila hajui nani ni wake.

Tangu siku ile nina daftari. Kila kwotabeki akianguka naandika moja kati ya mawili: mzuiaji wetu alizidiwa nguvu, au alikosea mtu wa kumzuia. Ya kwanza hutibiwa kwa miezi ya mazoezi. Ya pili unaweza kuitibu kati ya Jumanne na Jumamosi.

Pili, anza na senta. Yeye ndiye anayewatazama wapinzani kabla ya mpira kuondoka na kuwatangazia wenzake nani amchukue nani. Mfano ninaoupenda ni wa Kansas City Chiefs, timu ya ligi kuu ya Marekani. Februari 2021 walifungwa 31 kwa 9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Watu wao wawili wa pembeni, yaani wanaosimama kwenye ncha mbili za wale watano, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, na kwotabeki wao Patrick Mahomes alikimbizwa usiku kucha kama mwizi wa kuku. (Hao wa pembeni wana jina lao la Kiingereza, tackle, lakini ukilipa irabu ya Kiswahili mwishoni linakuwa kitu cha kukalia, kwa hiyo mimi naendelea kuwaita wa pembeni.) Msimu uliofuata Chiefs walianza na watu watano wapya kabisa. Joe Thuney walimsajili, Orlando Brown walimpata Baltimore kwa kubadilishana, senta Creed Humphrey walimchukua raundi ya pili ya drafti, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, na Trey Smith raundi ya sita, kwa sababu timu nyingi zilikuwa zimeogopa historia yake ya damu kuganda mapafuni. Februari 2023 wakakutana na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Chiefs 38, Eagles 35.

Sisi hatuna pesa wala drafti. Lakini niliangalia nani nimemweka katikati: mtoto mkubwa kuliko wote na mpole kuliko wote. Akiona hatari ananyamaza. Nikamsogeza awe gadi, yule anayesimama ubavuni mwa senta, nikamleta katikati mtoto mfupi mwenye domo, yule ambaye tukisafiri kwenda kucheza mbali anaongea njia nzima mpaka dereva anaomba radhi. Wiki ya kwanza alirusha mipira miwili chini. Lakini kelele zilianza kusikika, na kelele ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Hatua ya kwanza ya mguu, mpira unapoondoka, ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Nilidhani mtu anayezuia huruka mbele. Ukiruka, miguu yote miwili inaachana na ardhi, na mtoto wa kilo arobaini anaweza kukuangusha kwa kidole. Hatua ya kwanza inapaswa kuwa fupi kuliko shibiri, mguu utue kabla hujamgusa mtu, magoti yamekunjwa, makalio chini, viganja viingie kifuani kwa mpinzani, vidole gumba vikitazama juu. Mikono ikienda nje ukashika jezi ya mabegani, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano na mnarudishwa yadi 10. Tulichora mistari ya chaki kwenye maegesho ya magari, kila mtoto na mstari wake, tukawa tunafanya hatua ile moja tu kwa robo saa. Hakuna kugongana, hakuna helmeti. Walilalamika sana.

Nilitaka watue pamoja, kwa kishindo kimoja. Utotoni niliwahi kusaidia kuvuta juya ufukweni, na ninakumbuka wazee walivyokuwa wakali kwa anayevuta nje ya wimbo, hata kama ndiye mwenye nguvu. Wavu unapinda upande wake na samaki wanatokea huko huko. Basi nikafumba macho nikawa nasikiliza chaki. Tap-tap-tap-tap-tap, wiki mbili nzima. Wiki ya tatu, Alhamisi, nikasikia tap moja. Nikafumbua macho, wao wenyewe walikuwa wanatazamana.

Sasa niwaambie aibu yangu. Senta anapotangaza, wapinzani nao wanasikia, kwa hiyo kila timu ina maneno yake ya siri. Mimi nikajiona mjanja, nikawafundisha Kiswahili. “Kulia!” na “kushoto!” zikawa zinalia uwanjani kutoka midomo ya watoto wa Texas, tukashinda michezo miwili. Mchezo wa tatu, kipindi cha kwanza chote, kila tulipokwenda kushoto tulikuta ukuta. Kulia hivyo hivyo. Mchezo ulipoisha akanijia mtoto wa timu ya pili, bonge la mtu, akavua helmeti, akanipa mkono kwa adabu: “Papa, mie nasikiaka Kiswahili.” Wazazi wake wanatoka Uvira. Mji huu una Wakongo wengi, na mimi naswali na kununua mihogo nao kila wiki, bado sikuliwaza hilo! Sasa tunatumia samaki wa baharini. Changu ni kushoto, kolekole ni kulia. Mtu wa Uvira anajua samaki wa ziwa lake, na tutaona tutakapokutana na mtu wa Mombasa.

Kosa lingine ambalo tulilifanya, na hata wakubwa hulifanya, ni kumhamisha mtu mzuri kuziba tundu. Wa pembeni wetu wa kushoto alivunjika kidole, tukamtoa gadi wetu bora tukampeleka huko. Tundu moja likawa mawili, maana pembeni alikuwa mgeni, na alikotoka tukaweka mgeni mwingine. Chiefs nao walimsogeza Thuney kutoka gadi kwenda pembeni kushoto, na kwenye Super Bowl ya Februari 2025 Mahomes akaangushwa mara sita, Eagles wakashinda 40 kwa 22. Simlaumu Thuney, Eagles usiku ule wangemwangusha mtu yeyote. Ila kwa timu ya watoto msimamo wangu ni huu: akiumia mmoja, muingize wa akiba wake, halafu mpe msaada. Mwombe mkimbiaji abaki nyuma amsaidie kuzuia kabla hajaondoka. Mwambie kwotabeki aachie mpira haraka, pasi fupi. Wanne waliobaki waache walipo.

Na punguzeni mbinu. Kocha mkuu wetu alikuwa na kitabu cha mbinu ishirini na kitu, watoto wakizijua nusunusu. Nilibishana naye kwa heshima mpaka zikabaki sita. Houston Texans mwaka 2002, msimu wao wa kwanza kwenye ligi, waliacha kwotabeki wao David Carr aangushwe mara 76, na rekodi hiyo haijavunjwa. Kila nikitaka kumkumbusha kocha kwa nini tuna mbinu sita, namtajia namba hiyo, naye kama mtu wa Texas inamuuma.

Kuhusu uzito nitasema kidogo. Msimlishe mtoto ili anenepe. Mtoto ajue kukunja magoti na kushusha makalio, alale, anywe maji, joto la Agosti huku si la mchezo. Yatosha.

Lililobaki ni sifa. Hawa watano hawafungi, hawapigwi picha, na wakikosea ndipo spika inataja namba zao. Wamarekani wana jina kwa kitendo cha kumzuia mtu mpaka akalala chali: wanakiita kwa jina la mkate wao ule bapa wa asubuhi. Mke wangu aliposikia akasema hiyo si chapati? Basi Ijumaa jioni, kabla ya mchezo, wale watano na wa akiba wao wanakuja kwetu kula chapati, na kila aliyemlaza mpinzani Jumamosi iliyopita anapata ya ziada ya kwenda nayo nyumbani. Yule mtoto anayecheza kwotabeki naye ameomba aje. Tumemkubalia, ila yeye ndiye anayeosha vyombo.

Senta wangu mwenye domo anapanda daraja msimu ujao. Nimeshaanza kumfundisha mdogo wake, ana miaka 11, anaongea kuliko yeye. Jana mpira wake ulipita juu ya kichwa cha kwotabeki ukaenda mpaka kwenye uzio. Tuna miezi mitano.